Chai ya Matope

Small Heath, Birmingham
Jumapili, 12 Januari 2025

Mama yangu mpendwa, Mwalimu Kemunto,

Nakuamkia kutoka kwenye baridi. Nimekaa kando ya hita na soksi mbili kila mguu, kwa hiyo ukiona mwandiko unayumba, si ulevi. Mkwe wako Jemima anakusalimu sana. Yuko zamu hospitalini, na kabla hajatoka aliniagiza nikwambie kwamba unga wa wimbi uliotufungashia bado upo na kila asubuhi tunakunywa uji, ingawa mimi nauunguza. Kanisani wote wazima. Nimechaguliwa katibu wa kamati ya viti, cheo ambacho kazi yake, nimekuja kugundua, ni kubeba viti.

Kule kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi pia nimepanda ngazi. Sasa mimi ndiye msimamizi wa michezo ya alasiri. Wazee wanakaa vitini kwa duara, nawarushia puto, wakilidaka napiga makofi. Nilisomea uhasibu, Mama, ukauza ng'ombe kwa ajili hiyo, na leo mwanao ni fundi wa puto.

Kwamboka hajambo. Anakula, analala, mashavu yamejaa. Anapenda sana dirisha la sebuleni. Anakaa pale kutazama mabasi ya Coventry Road yakipita. Nina swali dogo, wala si la haraka. Ile miaka mitatu uliyokaa naye, sisi tukihangaika huku kabla hatujaweza kumleta, alikuwa akicheza nini huko nje? Tumemnunulia vitu vya kuchezea hadi sebule haina njia, lakini naona vinakaa tu kama vilivyotoka dukani. Labda ni baridi. Amefikisha miaka minne, na nasikia watoto wa miaka minne hucheza.

Kuhusu simu, usingoje. Yangu iliingia maji, na wewe mwenyewe ulisema masikio yako hayaelewani na simu. Basi tuandikiane barua kama watu wenye adabu.

Mwanao,
Jairus


Keroka
Jumapili, 9 Februari 2025

Baba Kwamboka, mwanangu,

Salamu zako zimepokelewa, nami nakurudishia zikiwa na moto wa kuni ili zikufikie vuguvugu. Barua ilikaa kwa karani wa kanisa mpaka alipokumbuka kwamba Kemunto ni mimi. Hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama dume, mkaidi, ukimwita anaangalia upande mwingine. Masikio yangu ndiyo yamestaafu kabisa. Jumapili iliyopita niliona watu wameinamisha vichwa, nikasimama nikaomba sala ndefu ya kufunga ibada, nikachukua mkoba wangu nikatoka. Kumbe mchungaji alikuwa hajahubiri.

Nimesoma barua yako mara mbili. Nimejua habari za soksi, za viti na za puto. Habari za mjukuu wangu umeziandika kama mtu anayeandika habari za ndama: anakula, analala, amenenepa.

Unauliza alikuwa akicheza nini. Ni ajabu kuulizwa na mtu aliyekulia katika ua huu huu. Alikuwa akicheza chochote kilichokuwa mbele yake. Asubuhi, kabla umande haujakauka, anatoka na kile kisufuria kisicho na mkono, anachota udongo pale karibu na tangi la maji, anasonga ugali. Mboga ni majani ya viazi vitamu, nyama ni kokoto. Hiyo ni kalongolongo, kama umesahau. Nilimtobolea kopo chini, akawa analijaza maji na kukimbia nalo ua mzima akisema yeye ni mvua. Majani makavu anayakusanya lundo, analirukia, anatawanya yote, anaanza tena. Kila fimbo ni ng'ombe, na ana ng'ombe wengi kuliko mimi. Jioni watoto wa jirani wanakuja, wanacheza tapo ya kukimbizana na brikicho ya kujificha. Yeye anajificha nyuma ya sketi yangu, miguu yote nje, na wale wakubwa wanapita wakijifanya hawamwoni.

Hakuna hata kimoja kilichotoka dukani. Udongo, maji, majani, fimbo. Nina hakika Uingereza kuna udongo, maana niliwafundisha jiografia nikisema hivyo.

Na mtu wa kucheza naye. Hilo ningeliandika kwanza. Hukuniambia anacheza na nani.

Tena, huwa anakuitaje?

Pole kwa simu. Hiyo ni ya pili kuingia maji tangu mmchukue mtoto mwezi wa Oktoba. Jaribu kukaa mbali na maji.

Mama yako,
Kemunto


Small Heath, Birmingham
Jumamosi, 8 Machi 2025

Mama mpendwa,

Natumaini ndama ameanza kusikia, na karani pia. Sisi tumeuvuka Februari. Jemima aliugua mafua, akapona, akanipa mimi. Kanisa limenunua viti vipya vizito zaidi, nami nimechaguliwa tena bila kupingwa.

Nilifuata maagizo yako. Jumapili baada ya ibada nilimpeleka Kwamboka kwenye bustani kubwa ya hapa Small Heath, ile yenye bwawa na bata. Nilikuwa na suti, kwa sababu tulitoka kanisani, na nilibeba sufuria ya Jemima, ile nzuri, kwa sababu sikufikiri. Nikatafuta mahali penye udongo laini, nikamsimamisha hapo, nikarudi nyuma kidogo, nikafunga mikono mgongoni. Nikasema, "Haya, Kwamboka. Cheza."

Akanitazama. Nikarudia, sasa kwa sauti ya mwalimu wa gwaride, "Cheza!"

Akachuchumaa, akachota udongo kidogo, akauweka ndani ya sufuria, akasimama wima akaniuliza, "Nimemaliza?"

Kulikuwa na mama mmoja wa Kisomali kwenye benchi, anaitwa Istahil, alikulia Eastleigh kabla ya kuja huku, kwa hivyo ulimi wake ni wa Nairobi na hauogopi mtu. Akanipigia kelele, "Wee baba! Unachezesha mtoto ama unalinda benki?" Mwanawe, Liban, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, akamwuliza, "Mum, is he her bodyguard?"

Nikaona nibadilishe mchezo. Nikatangaza brikicho. Nikamwambia Kwamboka afumbe macho ahesabu, nikakimbia na suti yangu nikajibanza nyuma ya mti mmoja mnene karibu na bwawa. Nilijificha kwa ustadi mkubwa, Mama. Nilikaa pale mpaka mbwa wa watu akaja kuninusa, mpaka viatu vikaloa. Nilipochungulia, Kwamboka alikuwa amekaa kwenye benchi na Istahil, miguu pamoja, anakula biskuti. Hakuna aliyekuwa akinitafuta.

Jemima aliiona sufuria yake. Hayo nitakueleza siku nyingine.

Kuhusu lile swali lako la mwisho, naona karatasi inaisha.

Mwanao,
Jairus


Keroka
Jumapili, 6 Aprili 2025

Baba Kwamboka,

Amani ya nyumba hii iwafikie nyote watatu, na sufuria ya nne. Mwambie Jemima atumie mchanga na majivu, itarudi kung'aa. Mvua za huku zimeanza. Nilisoma barua yako nikiwa zizini, nikacheka hadi ndama akageuka, kwa hiyo tumejua anasikia.

Umeenda kucheza ukiwa na suti na mikono mgongoni. Nilipoona hapo nilimwona baba yako, Mungu amlaze pema. Alikuwa akiingia uani nanyi mnanyamaza kama vifaranga walioona mwewe. Aliwapenda kuliko shamba lake, lakini hakuinama hata siku moja. Kwetu baba hainami. Baba ni wa kuheshimiwa, na mchezo ni wa nyanya. Nyanya na mjukuu wanataniana, wanatukanana bila hatia, wanakaa chini pamoja, na baba anakaa kwenye kiti. Ni desturi nzuri na sikuilalamikia. Lakini inataka nyanya awe karibu, na watoto wa jirani wajae uani. Huko kwenu nyanya yuko wapi? Mtoto ameletewa baba mtupu, na baba mwenyewe amekuja na kiti chake mpaka kwenye matope.

Sasa sikia. Vua koti. Kaa chini, chini kabisa, suruali itafuliwa. Usimwambie acheze. Anza wewe kupika, na upike vibaya, maana mtoto hawezi kuvumilia kumwona mtu mzima akiharibu ugali. Akikupa chai ya matope, pokea kwa mikono miwili, kunywa, maliza, omba ya pili. Mgeni anayeacha chai ameitukana nyumba. Mimi kwangu haikuwahi kubaki.

Ile karatasi uliyosema imeisha ina nafasi ya kutosha chini. Nimeipima kwa vidole vyangu vinne. Anakuitaje, Baba Kwamboka?

Mama yako,
Kemunto


Small Heath, Birmingham
Jumapili, 27 Aprili 2025

Mama,

Pasaka tuliila vizuri, kondoo alikuwapo, na watu walikuwa wengi kuliko viti, jambo lililoniletea lawama. Jemima anakusalimu. Baada ya hapo sina tena salamu za kujifichia, kwa hiyo nitasema.

Tafadhali usiniite Baba Kwamboka. Kila barua yako inapofika nalisoma jina hilo na kuona haya, kama mtu aliyevaa koti la kuazima na mwenyewe anamtazama.

Ananiita Uncle. Jemima naye anaitwa Auntie. Ndivyo anavyowaita watu wazima wote wa kanisani, na sisi ametuweka humo. Tangu siku ya kwanza uwanja wa ndege, ulipomwambia kwa simu "huyo ndiye baba yako", alinisalimia kwa mikono miwili kama anavyosalimiwa mchungaji. Adabu anayo, Mama, ulimfundisha vizuri. Ananiomba ruhusa ya kwenda chooni. Akimwaga maji anasema pole kabla sijageuka. Ningefurahi siku moja anikasirikie.

Na simu yangu haijawahi kuona maji. Mwezi wa Novemba tulipokupigia, na wewe ukawa unasema "Eeh? Nani? Sema kwa nguvu", alisikia sauti yako. Tulipomaliza alikwenda akachukua viatu vyake, akakaa mlangoni akiwa amevipakata. Alingoja hadi usingizi ukamkuta pale pale. Kesho yake hakula. Tukaamua tusipige tena, nami nikabuni hayo maji. Najua hukuyaamini hata mara moja.

Nilivua koti kama ulivyosema. Nilikaa chini. Nilipika vibaya, na katika hilo sikuhitaji mwalimu. Kwamboka alinitazama, akashindwa kuvumilia kweli, akasema, "Uncle, Nyanya anafanya hivi." Akanionyesha jinsi ya kukanda. Mikono yake ilikuwa inafanya vizuri sana. Halafu akaanza kulia, kimya kimya, huku anaendelea kukanda.

Cheryl wa kanisani kwetu anasafiri Kisii mwezi wa Julai kuwaona wazazi wake. Amekubali kumrudisha Kwamboka kwako. Ni bora aje kabla shule haijaanza huku Septemba na kabla hajasahau njia ya kwenda tangini. Jemima hawezi kulitamka, lakini nimeona ameanza kukunja nguo ndogo na kuziweka upande mmoja wa kabati. Sisi tutaendelea kuwa watu wa kwenye simu, kama zamani. Mimi wazee wangu wananipenda. Puto nalirusha vizuri.

Sema ndiyo tu, Mama, na nitamwambia Cheryl.

Jairus


Keroka
Jumapili, 22 Juni 2025

Mwanangu Jairus,

Salamu zangu ni zile zile, ila leo zimechelewa, na kosa si la karani. Barua yako niliipata katikati ya Mei. Mahindi yamebeba. Ndama tumemuuza kwa jirani, anarudi kila siku.

Siku ile ile niliandika "Ndiyo". Neno moja katikati ya karatasi, sikuweka hata tarehe. Nikalianika blanketi lake juani. Nikatafuta kile kisufuria, nikakuta kuku anatagia humo, nikamfukuza. Nikawaambia akina mama wa kanisa, wakapiga vigelegele ambavyo hata mimi nilivisikia. Nilikuwa kama bibi harusi, na meno yangu haya yaliyobaki.

Asubuhi yake nilikwenda tangini kujaribu magoti. Nikachuchumaa pale penye udongo wake. Kushuka nilishuka vizuri tu. Kuinuka ndiko kulikokataa. Nilikaa pale chini na udongo wangu mpaka mtu wa maziwa akaja, akavua kofia akangoja kwa heshima, akidhani naomba. Ikabidi nimwambie aniinue. Alininyanyua kama debe.

Nilipokuwa pale chini nilifikiri, kwa sababu hapakuwa na kazi nyingine. Nikimpokea sasa, atanipenda zaidi, kisha atanipoteza mara ya pili. Mara hiyo hakutakuwa na simu ya kuingia maji wala barua ya kuchelewa. Naye atakuja kwenu akiwa mkubwa, na ninyi mtakuwa Uncle na Auntie wa milele.

Kwa hiyo hapana. Namtaka, Jairus. Naamka namtaka, nikipika napika kingi kwa sababu namtaka. Lielewe hilo kwanza, halafu rudi usome jibu langu: hapana, asije.

Ndani ya kifurushi hiki kuna leso yangu ya jikoni, ile ya zambarau. Sijaifua. Wewe unajua kwetu mtoto haachwi bila nyanya. Nyanya akiwa hayupo, mwingine hukalishwa mahali pake: shangazi mzee, jirani, yeyote anayekubali kutaniwa. Mwanamume sijawahi kumwona akikalishwa, lakini pia sijawahi kuiona Birmingham. Mimi mwenye kiti nakukalisha wewe. Ukifunga leso hii kiunoni, ukiwa nje na mtoto, wewe si baba yake. Wewe ni nyanya, na nyanya hana heshima ya kupoteza. Mwache akutanie, nawe mtanie. Akikurushia matope, mrushie.

Usiniandikie mpaka uwe umeifunga.

Mama yako,
Kemunto


Small Heath, Birmingham
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mama yangu, mwenye kiti,

Pokea salamu za watu wengi: Jemima, Cheryl aliyesafiri peke yake, kamati nzima ya viti, Istahil na Liban. Huku jua limetoka, na Waingereza wamevua nguo zote wanazoruhusiwa kuvua. Katikati yao kuna Mkisii mwenye ndevu aliyefunga leso ya zambarau juu ya suruali. Huyo ni mimi.

Siku ya kwanza niliifunga nikiwa nimeshafika bustanini, nyuma ya pipa la taka, nikaomba Mungu asipite mtu wa kanisani. Istahil aliniona akakaa chini kwenye nyasi. "Wallahi leo nimeona," akasema. "Ngoja, ngoja, usisonge, simu yangu iko wapi?" Liban akauliza, "Why is Uncle Jairus wearing a skirt?" Nikawajibu kwamba mimi si Uncle Jairus, mimi ni nyanya, na sitaki maswali.

Kwamboka hakucheka. Alikuja polepole, akaushika upindo wa leso, akaunusa. Kisha akaufunika uso wake wote nao, akakaa hivyo kwa muda mrefu hata Istahil akashusha simu. Mimi nilisimama tu kama mti. Alipotoa uso, alinikagua kuanzia chini. "Nyanya hasimami hivyo," akasema. Akanikalisha, akaninyoosha miguu mmoja mmoja, akanipa kokoto nichambue.

Tangu hapo ananiita Nyanya. Hata kwenye basi. "Nyanya, tumefika!" anapaza sauti, na abiria wote wanageuka kumtafuta bibi kizee wampishe. Tumekuwa mvua kwa kopo la maziwa lililotobolewa. Tumechunga fimbo hadi ng'ombe mmoja akaingia bwawani, nikatumwa kumtoa. Siku moja alinirushia donge la matope likaniingia sikioni, akashtuka, akaanza, "Pole, U..." Nikakumbuka maagizo, nikachota langu nikamrushia. Likamkosa likampata Liban. Vita vilikwisha jioni. Kesho yake mzee mmoja wa kazini alisimamisha mchezo wa puto ili aniambie nina nyasi zinazoota sikioni.

Sasa nikueleze ya jana, kwa sababu ndiyo niliyokaa kuandika.

Tulikuwa tukicheza kalongolongo, karibu na ule mti mnene. Kwamboka alikuwa mama mwenye nyumba. Liban alikuwa daktari, Istahil mwenye duka, mimi nyanya wa kuchambua kokoto. Liban akatazama familia yote akasema, "Where's the dad?"

Nilitaka kusema kitu cha kulikwepa swali. Kwamboka akanitangulia, bila hata kuinua kichwa kwenye sufuria. "Baba yuko kazini. Anawarushia wazee puto."

Mama, sikujua anajua. Muda wote huo, pale dirishani na mabasi yake yanayonipeleka kazini, alikuwa anajua.

Akakoroga tena, akaonja kwa kijiti. "Nyanya," akaniambia, "nenda kamwite. Chai iko tayari."

Nikainuka. Sikujua pa kwenda, nikaenda nyuma ya mti ule ule wa Machi. Nikafungua leso, nikaikunja. Ni rahisi kutoka ukiwa nyanya. Nilisimama na leso mkononi, nikiwaza kwamba nikijitokeza bila hiyo atanipa mikono miwili na kuniita Uncle, na hapo hakuna tena mchezo wa kutuokoa. Nilikawia sana. Istahil anasema alidhani nimekimbia.

Kisha nikasikia miguu midogo inapiga nyasi. Akachungulia upande wa kushoto wa mti, akachungulia upande wa kulia, akaniona.

"Baba!" akasema, tena kwa hasira. "Chai inapoa!"

Akanishika kidole akanivuta. Nikakaa chini pasipo leso. Akanimiminia kwenye kifuniko cha chupa, rangi ile ile ya chai ya kanisani. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikakumbuka mgeni anayeacha chai, na mimi si mgeni, Mama, nikainywa yote. Nikaomba ya pili. Nikainywa nayo.

Tumbo langu limekuwa na maoni yake tangu jana jioni, na leo viti vimebebwa na wengine. Jemima amefungua kabati, amerudisha zile nguo ndogo mahali pake. Ameomba kuazimwa leso. Jumamosi ijayo nyanya ni yeye.

Mwanao,
Baba Kwamboka


Keroka
Jumapili, 31 Agosti 2025

Baba Kwamboka,

Salamu kwenu wote, na kwa Istahil na daktari wake. Huku tunavuna. Barua yako karani aliileta mwenyewe mbio, nadhani alikuwa ameifungua.

Nilipofika pale penye mti niliikunja, nikauzunguka ua mzima, nikapitia tangini, nikarudi kuimalizia. Nimelia, na sitakudanganya kwamba ni furaha tupu. Aliyekuita Baba amenitoka kidogo mkononi. Nilitaka anitoke, na bado imeniuma. Magoti na moyo, vyote vizee. Leso ikae huko huko, na Jemima akiitumia asiifue bado.

Simu yako ikikauka, piga. Karani atanishikia sikioni na kunipigia kelele anachosema mtoto. Sasa ataweza kunisikia halafu akaenda kucheza.

Lakini Jairus, kweli uliinywa? Mara mbili? Mwanangu, miaka mitatu yote mimi nilikuwa naimwaga nyuma ya mgongo wangu. Usimwambie.

Mama yako,
Kemunto